Metropolis ya 1927: muvi moja, matoleo kibao, na lile jina lililowatia watu kiwewe

Juzi nimebishana na binamu yangu nusura tugombane. Yeye anasema Metropolis kaiona, ni muvi ya kama saa moja na nusu, ina rangi rangi, na ndani yake Freddie Mercury anaimba. Mi nikamwambia we umeangalia muvi gani, Metropolis ni nyeusi na nyeupe, mtu haongei, ni orkestra tu mwanzo mwisho na inakaribia masaa mawili na nusu. Akanitumia ya kwake, nikamtumia ya kwangu, kumbe wote tuko sahihi. Afu cha ajabu zaidi, hamna kati yetu aliyeona ile waliyoiona watu wa Berlin tarehe 10 Januari 1927 pale Ufa-Palast am Zoo, maana ile nzima nzima haipo tena popote duniani.

Ndo nikaona bora niandike tu. Hii muvi ukigusa habari za roboti kwenye sinema lazima mtu aitaje, lakini wachache wanajua kwamba kwa miaka zaidi ya themanini dunia ilikuwa inaisifia na kuiponda huku robo yake na zaidi imeshatupwa, na kile kilichotupwa ndo kilikuwa kinaeleza kwa nini mambo yote yanatokea.

Tuanze na stori. Dairekta ni Fritz Lang, skripti kaandika mke wake Thea von Harbou, kampuni ni UFA ya Ujerumani, studio ziko Babelsberg nje kidogo ya Berlin. Kuna jiji la baadaye limepangwa kama ghorofa. Juu wanakaa wenye nazo, watoto wao wanakimbia mbio kwenye uwanja wa marumaru na kufukuzana na wasichana bustanini. Chini kuna mashine zinazoliendesha jiji, na chini ya mashine, ardhini kabisa ambako jua halifiki, ndo kuna nyumba za wafanyakazi. Mwenye jiji anaitwa Joh Fredersen. Mtoto wake wa pekee, Freder, hajawahi hata siku moja kujiuliza taa zinawashwa na nani, mpaka siku anatokea binti wa huko chini, Maria, anafungua mlango wa bustani akiwa na kundi la watoto wachafu wachafu na kuwaambia watoto, tazameni, hawa ni ndugu zenu. Basi dogo kachanganyikiwa, anashuka chini kumtafuta na huko anaona anayoyaona.

Sini ya mwanzo kabisa naomba uiangalie taratibu, hata kama hii muvi hutaimaliza. Zamu inabadilishwa. Safu mbili za wanaume, nguo nyeusi zinazofanana, kofia zinazofanana, vichwa vimeinama. Safu moja inaingia getini, nyingine inatoka, na ukitulia utaona wanaotoka wanatembea kwa mwendo nusu ya ule wa wanaoingia. Hakuna neno hata moja limesemwa lakini ushajua masaa kumi yamewafanya nini. Na saa ya ukutani ya kiwandani ina namba kumi badala ya kumi na mbili, imepimwa kwa zamu ya kazi.

Baadaye Freder anamkuta mfanyakazi mmoja, jina lake Georgy ila kwenye kofia ana namba 11811. Huyu kasimama mbele ya duara kubwa kama uso wa saa, pembeni limezungushiwa taa, na kazi yake ni kuvuta mishale miwili mirefu ifuate taa zinazowaka. Juu kushoto, chini kulia, juu tena, mwili mzima unapinda kama mtu aliyetundikwa. Ukiulizwa hiyo mashine inatengeneza nini, hujui, hata yeye nadhani hajui. Jamaa anaishiwa nguvu anadondoka, mtoto wa tajiri anamdaka, wanabadilishana nguo, Freder anashika mishale. Shika hapo, hizo nguo walizobadilishana tutazirudia.

Sasa hela. UFA ilianza kushuti tarehe 22 Mei 1925 na kumaliza Oktoba 1926, karibu mwaka na nusu. Bajeti iliyopangwa ilikuwa kama milioni 1.5 za Reichsmark, mwisho wa siku zikaenda kwenye milioni tano na zaidi. Lang alikuwa mtu wa kurudia na kurudia. Kwenye sini za mafuriko waliletwa watoto wapatao mia tano kutoka mitaa ya kimaskini ya Berlin, wakawa wanalowa kwenye maji baridi kwa wiki mbili. Brigitte Helm, binti aliyecheza Maria na pia roboti, alianza kazi hii bado binti mdogo, hajawahi kucheza muvi yoyote, na kila siku anafungiwa kwenye lile vazi gumu la roboti ambalo mchongaji Walter Schulze-Mittendorff alilitengeneza kwa unga wa mbao uliopakwa rangi ya chuma. Ukiliona kwenye skrini unaapa ni bati.

Majumba yale marefu mengi ni vimodo, yaani mifano midogo ya majengo, na vigari vya kwenye madaraja vilisogezwa kwa mkono, picha moja moja. Sehemu nyingine walitumia ujanja wa Eugen Schüfftan: unaweka kioo cha kujitazamia mbele ya kamera kikiwa kimelazwa nyuzi 45, kioo kinaonyesha kimodo cha jengo kilichopo pembeni, halafu unakwangua ile rangi ya nyuma ya kioo mahali unapotaka watu waonekane, waigizaji wanasimama mbali kule nyuma, kamera inawaona kupitia pale palipokwanguliwa. Ukiangalia unaona watu wadogo wanakimbia chini ya ukuta mkubwa ajabu, kumbe ukuta wenyewe ni wa kimodo. Hakuna kompyuta hapo, ni kioo na kisu cha kukwangulia.

Kwa hiyo hela ziliisha. Ila watu wanapenda kusema Metropolis ndo iliyoifilisi UFA, na hiyo si sawa sana, kwa sababu UFA ilikuwa na hali mbaya kabla muvi haijafika hata nusu. Mwishoni mwa 1925 ilishakwenda kukopa dola milioni nne kwa Paramount na MGM za Marekani, wakaunda kampuni ya pamoja ya kusambaza filamu ikaitwa Parufamet. Mkopo wenyewe ulikuja na masharti, na moja ya matokeo yake ni kwamba Metropolis Marekani ingesambazwa na Paramount, na Paramount ndo wangeamua ionekaneje huko. Mkopeshaji akishaingia jikoni chumvi anaonja yeye.

Muvi ya Berlin ilikuwa na urefu wa mita 4,189 za mkanda, kama dakika 153 ukiizungusha picha 24 kwa sekunde. Paramount walisema hii ndefu mno, hakuna mwenye ukumbi atakayeitaka. Wakampa kazi mwandishi wa michezo ya kuigiza anaitwa Channing Pollock, aipunguze na aiandikie maandishi mapya. Hapa inabidi kuelewa muvi bubu ilivyokuwa inafanya kazi. Maneno hayasikiki, yanakuja kwenye vibao vya maandishi katikati ya picha, na ukibadilisha vibao unabadilisha stori bila kumuita muigizaji hata mmoja arudi studio. Picha ileile ya mwanaume anayenyoosha mkono inaweza kuwa anaomba msamaha au anafukuza mtu, inategemea kibao kimeandikwa nini. Waliokulia kwenye vibanda umiza hili hawahitaji kufafanuliwa, tumelelewa na akina Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya wakituwekea maneno juu ya midomo ya Wachina na Wamarekani, na mara nyingine maneno yao matamu kuliko ya muvi yenyewe. Tofauti ni kwamba wale hawakuchukua mkasi wakaukata mkanda. Pollock alichakachua vyote, maneno na picha. Freder akawa Eric, baba yake akawa John Masterman, na muvi ikashuka mpaka mita 3,100 hivi.

Na hapa ndo tunafika kwa Hel.

Kwenye stori ya asili kuna mwanamke ambaye humuoni akiwa hai hata sekunde moja, anaitwa Hel. Rotwang, yule mvumbuzi anayeishi kwenye kajumba ka zamani katikati ya maghorofa, alimpenda sana huyu Hel. Hel akamuacha akaolewa na Joh Fredersen, bosi wa jiji. Akafa wakati anamzaa Freder. Rotwang hakuoa tena wala hakusahau, nyumbani kwake nyuma ya pazia kasimamisha sanamu ya kichwa cha Hel, kubwa kuliko mtu, na kwenye nguzo yake imeandikwa kwamba alizaliwa kwa furaha ya Rotwang, akapotea kwa Joh Fredersen, akafa alipompa uhai Freder. Siku Fredersen anakuja kuomba ushauri anafunua lile pazia, anasimama anaangalia, Rotwang anaingia anamkuta, anapandwa na wazimu palepale. Kwake yeye Hel hajafa. Ananyoosha mkono wake wa kulia, ule wa bandia uliovikwa glavu nyeusi, na kumwambia mwenzake, unadhani kupoteza mkono mmoja ni bei kubwa kwa kumuumba Hel upya? Halafu ndo anamuonyesha roboti.

Umeona? Roboti ni mke. Alikuwa anatengenezwa awe Hel. Ndo maana ana umbo la mwanamke, ndo maana Rotwang anamtazama vile. Fredersen anapomwambia mpe huyo roboti sura ya Maria ili nikawavuruge wafanyakazi, maana yake anamnyang'anya mwanamke yuleyule kwa mara ya pili. Na Rotwang anakubali haraka kwa sababu kichwani ana lake: nitakuharibia jiji lako na nitakuharibia mtoto wako, yule aliyemuua Hel kwa kuzaliwa.

Pollock akayafuta yote. Sababu aliyoitoa ni jina. Kwa Kiingereza Hel linasikika vilevile kama neno la jehanamu, akaona ukumbi mzima wa Marekani utaangua kicheko picha ya lile sanamu ikitokea. Badala ya kubadilisha jina, kama alivyombadilisha Freder kuwa Eric bila shida yoyote, akamuondoa mwanamke mzima, sanamu, ugomvi na kisasi. Kwenye toleo lake roboti inatengenezwa iwe mfanyakazi asiyechoka, basi. Mi kila nikifika hapa nashindwa kuelewa, mtu kaona mlango unapiga kelele badala ya kutia mafuta kabomoa ukuta.

Matokeo yake ni kwamba Rotwang akawa mwanasayansi kichaa wa kawaida, anayetengeneza roboti kwa sababu wanasayansi vichaa ndo kazi yao. Mwishoni anamkimbiza Maria mpaka kwenye paa la kanisa kuu, na kwenye toleo lililokatwa hujui anataka nini kwa huyu binti, unahisi tu muvi ilihitaji mtu wa kuanguka. Kwenye ile ya asili akili imeshamruka, anamuona Maria anadhani ni Hel wake.

Siyo Hel peke yake. Mnakumbuka zile nguo? Georgy 11811 anavaa suti ya Freder, anaambiwa nenda kwenye nyumba fulani ukanisubiri, anapanda gari ya tajiri, anatia mkono mfukoni anakuta noti kibao, nje taa zinawaka, kwenye gari la pembeni kuna mwanamke anamwangalia, na jamaa ambaye maisha yake yote kavuta mishale anamwambia dereva ageuze, twende Yoshiwara, ile klabu ya starehe ya jiji. Nyuma yake kuna mpelelezi mrefu mwembamba wa Fredersen, anaitwa tu Mwembamba, kazi yake ni kumfuatilia Freder na ananasa mtu siye. Mpelelezi huyohuyo anakwenda kumtisha Josaphat, karani aliyefukuzwa kazi na Fredersen ambaye Freder alimuokoa asijiue. Hizi sini zote ziliondoka. Kwenye matoleo mafupi Georgy anavaa suti, anatoka, na anaporudi mwishoni unashangaa huyu katokea wapi. Mwembamba akawa mtu wa kusimama nyuma ya mlango.

Usidhani ni Wamarekani tu. Aprili 1927 UFA ilinunuliwa na Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti na mzalendo wa kupindukia, na uongozi mpya ukaiondoa muvi sokoni ukaikata kwa kufuata toleo la Marekani, ikarudi Agosti ikiwa na mita 3,241. Kwa hiyo hata Wajerumani wenyewe, ukitoa waliowahi Berlin miezi ile ya mwanzo, wakawa wanaangalia kilichochakachuliwa. Mikanda ya ile ndefu haikutunzwa. Na hapo ndo ule mchanganyiko wa matoleo unapoanza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu enzi zile huwezi kurudufu mkanda bila picha kuchuja, kwa hiyo sini moja ilipigwa na kamera zaidi ya moja na kurudiwa mara nyingi, ili zipatikane negetivu tatu, yaani mikanda mama ambayo kopi huchapwa kutokea hapo: moja ya Ujerumani, moja ya Paramount, moja ya nchi nyingine. Maana yake kopi mbili za Metropolis zikiwa na sini ileile, unaweza kukuta kwenye moja Freder kageuza kichwa kidogo tu tofauti, kwa sababu ni siku nyingine, au kamera nyingine iliyosimama pembeni.

Sasa fikiria wakosoaji. H. G. Wells, yule mwandishi mkubwa wa hadithi za sayansi wa Uingereza, aliandika kwenye New York Times Aprili 1927 akaiponda bila huruma, kwamba hajawahi kuona filamu ya kipumbavu kuliko hii. Moja ya hoja zake ina nguvu mpaka leo: kiwanda kinachozalisha kwa wingi kinahitaji watu wengi wenye hela za kununua, huwezi kuwa na mashine za ajabu vile halafu ukawa na jeshi la watumwa wanaosukuma mishale. Hapo sina la kumjibu, na kurudisha Hel hakusaidii kitu. Luis Buñuel, kabla hajawa dairekta, alisema ni kama filamu mbili zimegundishwa kwa matumbo, picha zimemlewesha ila stori imemkera. Lakini walipolalamika kwamba watu kwenye hii muvi wanafanya vitu bila sababu, walikuwa wanailaumu kazi ya Lang kwa kosa la mkasi.

Kuna kosa moja ambalo hakuna mkasi wa kusingizia. Muvi nzima inabeba msemo mmoja, kwamba kati ya kichwa na mikono mpatanishi lazima awe moyo. Kichwa ni bosi, mikono ni wafanyakazi, moyo ni Freder. Mwishoni mbele ya kanisa Freder anauchukua mkono wa baba yake na mkono wa Grot, msimamizi wa Mashine ya Moyo, ile mashine kuu ya jiji, anaiunganisha, imeisha hiyo. Hakuna aliyesema zamu itapungua kutoka masaa kumi, hakuna aliyesema watoto watahamia juu kwenye jua. Wameshikana mikono kesho geti litafunguliwa kama kawaida. Lang mwenyewe miaka ya baadaye alikiri kwenye mahojiano kwamba ule mwisho haukuwa wa kuaminika, huwezi kutatua tatizo la kijamii kwa kusema moyo, na alipenda kumsukumia mzigo von Harbou. Ni kweli von Harbou aliandika, na ni kweli alikuja kujiunga na chama cha Nazi wakati Lang alihama Ujerumani 1933, ila jina la dairekta kwenye muvi ni la Lang, alikuwepo siku zote za kushuti, asitukimbie.

Turudi kwenye mkanda. Kwa miaka mingi kila hifadhi ya filamu ilikuwa na kipande chake. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder akachukua alichokipata, akaipaka rangi, akaondoa vibao vingi akaweka maandishi chini ya picha, akaweka nyimbo za pop za wakati ule. Hiyo ndo ya binamu yangu. Wapenda sinema wengi waliichukia, mi siwezi kuichukia sana, kuna kizazi kizima kilijua Metropolis kupitia yeye, na alau alijaribu kumrudisha Hel kwa kutumia picha mnato.

Kazi ya kitaalamu zaidi ilifanywa München na Enno Patalas, miaka ya 80. Ujanja wake mkubwa ulikuwa muziki. Gottfried Huppertz alitunga muziki wa Metropolis mwaka uleule na nota zake za piano zilibaki, na juu ya nota ameandika alama zaidi ya elfu moja za kumwambia mpigaji sasa hivi kwenye skrini kinatokea nini, ili picha na muziki viende pamoja. Ukijumlisha na karatasi za bodi ya ukaguzi wa filamu ya Berlin, ambazo zilinakili kila kibao cha maandishi, unapata ramani ya muvi ambayo huna: unajua sini ngapi zimepotea, zilikaa wapi, zilichukua mapigo mangapi. Kwa njia hiyo ukarabati wa 2001 ukatoka na dakika kama 124, picha safi kama imepigwa jana, na pasipo picha kukawekwa maelezo. UNESCO mwaka huohuo ikaiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, filamu ya kwanza kupata nafasi hiyo. Watu wakasema basi, zilizobaki tusahau.

Kumbe iko Buenos Aires.

Jamaa mmoja msambazaji wa filamu wa Argentina, Adolfo Wilson, alinunua toleo refu kabla halijakatwa akaenda nalo kwao, likaonyeshwa huko mwaka 1928. Kopi hiyo ikaja kuangukia kwa mkosoaji wa filamu aliyekuwa anakusanya mikanda, Manuel Peña Rodríguez, kutoka kwake ikaenda kwenye mfuko wa sanaa wa taifa. Miaka ya 70, kwa kuwa mkanda wa zamani wa naitreti unashika moto kama petroli, wakaunakili kwenye mkanda mdogo wa milimita 16 na ule wa asili ukatoweka. Mwaka 1992 nakala ikaingia makumbusho ya sinema ya Buenos Aires, ikakaa kwenye rafu.

Mtaalamu wa sinema wa hapohapo, Fernando Martín Peña, alikuwa kasikia miaka mingi nyuma kutoka kwa mzee mmoja wa klabu za sinema kwamba walipoionyesha Metropolis mkanda ulikuwa unayumba kwenye projekta, ikabidi yeye mzee ashikilie kwa kidole kwa zaidi ya masaa mawili. Kwa mtu mwingine hiyo ni stori ya kucheka. Peña akajiuliza, masaa mawili na ushei? Metropolis inayojulikana haifiki huko. Akahangaika miaka kuruhusiwa kuangalia na haikuwezekana, mpaka 2008 Paula Félix-Didier, ambaye walishawahi kuwa mume na mke, akawa mkurugenzi wa makumbusho. Wakatoa makopo kwenye rafu, wakaweka kwenye mashine, wakaangalia, na sini baada ya sini vikawa vinatokea vitu ambavyo havikuwemo kwenye toleo lolote lililojulikana tangu muvi ilipokatwa 1927. Julai 2008 gazeti la Die Zeit likatangaza. Fikiria uvumi wa kidole umezaa dakika 25 za sinema.

Wataalamu wakaongeza na kopi ya New Zealand, iliyotambuliwa mwaka 2005 kuwa na vipande ambavyo kwingine havipo, na tarehe 12 Februari 2010 muvi ikaonyeshwa Friedrichstadt-Palast Berlin na orkestra nzima ikipiga Huppertz, huku watu wengine wakiangalia nje kwenye baridi pale lango la Brandenburg.

Ukiitazama hiyo ya 2010 huhitaji kuambiwa wapi ni Argentina. Picha inakuwa safi, safi, mara ghafla mvua ya mikwaruzo inanyesha kwenye skrini nzima na pembeni kunatokea ukingo mweusi. Mikwaruzo haikufutika yote kwa sababu haiko juu ya mkanda, ilikuwa kwenye ule wa zamani na ikanakiliwa pamoja na picha kama uchafu wa kwenye karatasi unavyotoka kwenye fotokopi, na ukingo mweusi ni sehemu ya picha iliyokatwa kwa kuwa mkanda wa milimita 16 una umbo tofauti. Wangeweza kukuza picha ikajaa skrini wakaficha. Waliacha. Mi nawapongeza, maana unapomuona Georgy kwenye gari anashika zile noti unaona pia kilichompata huyo Georgy miaka themanini.

Lakini bado haijakamilika. Hata mkanda wa Buenos Aires ulikuwa na sehemu zilizoharibika kabisa, na kati ya zilizokosekana kuna moja inaniuma. Rotwang kamfungia Maria wa kweli nyumbani kwake na anamtambia kwamba kamdanganya Fredersen, roboti haimsikilizi yeye bosi, inafuata amri za Rotwang tu. Hajui kwamba Fredersen yuko nje anasikia kila kitu. Fredersen anaingia, na wale wazee wawili waliompenda mwanamke mmoja wanashikana mashati kwa mara ya kwanza na ya mwisho, Maria anapata nafasi ya kukimbia. Kwenye toleo la 2010 hiyo sini ni maandishi kwenye skrini nyeusi, sentensi chache tu, muziki unaendelea kupigana bila wao.